Mkasi wa kushonea umekuwa butu, ununue nini cha kunolea?

Wale mnaoshona gomesi, lile gauni la kina mama wa Uganda, mnajua satini haina huruma, mkasi ukichoka kidogo tu kitambaa kinateleza kinajikunja katikati alafu unabaki unatafuna badala ya kukata. Kabla hujatoa pesa kaza kwanza ile skrubu ya katikati, mara nyingi shida iko hapo tu.

Kama bado, namba moja kwangu ni jiwe la kunolea la pande mbili, 400 na 1000 (ni namba za chembe za jiwe, ndogo ndiyo inakwaruza zaidi). Ile 400 ni ya mkasi uliomeguka makali, wengi mtatumia 1000 peke yake. Fungua skrubu utenganishe mkasi, lowesha jiwe, laza ule mteremko mwembamba wa nje vile ulivyotoka kiwandani, usibadilishe engo, alafu vuta toka mpinini mpaka nchani mara kadhaa. Upande wa ndani usiunoe, umetengenezwa na kibonde ili makali tu ndiyo yagusane, mwisho unaulaza bapa kabisa kwenye jiwe unapitisha mara moja kuondoa vichembe vya chuma vilivyobaki kwenye makali basi.

Mkasi uliopigwa ribiti hauachani, huo chukua tupa ya almasi, ndiyo namba mbili. Inakula chuma haraka kwa hiyo mkono mwepesi jamani.

Vile vidude vyenye mfereji wa kuvutia makali ndani yake viko namba tatu, na uangalie ni cha mikasi kweli, kwa sababu cha visu kinanoa pande zote mbili na hapo umeua mkasi. Msasa wa kukunja na kukata? Unalainisha tu, haunoi, labda kwa mkasi wa karatasi (na karatasi usikatie mkasi wa kitambaa, watoto wa shule mnawajua).

Wa mwisho ni yule mnoaji wa mtaani anayezungusha jiwe kwa gurudumu la baiskeli. Panga mpelekee, sina neno. Lakini jiwe kavu likizunguka kwa kasi linatia moto, na ukiona chuma kimegeuka bluu ujue kimelainika, hakitakaa na makali tena.

Chochote utakachochagua ongeza oili ya cherehani, tone moja kwenye skrubu, kata vipande vya kitambaa cha taka mpaka oili isichafue. Ya kupikia hapana, inaganda kama gundi. Nyinyi wa Entebbe na Jinja na unyevu wa ziwa, futeni mkasi mkavu kila jioni.

Ule mkasi wa zigizaga usiununulie hata kimoja hapo juu, meno yake yanataka mashine ya fundi.