Epson Perfection V600 kwa slaidi za watu nisiowajua

Nakusanya slaidi za zamani za watu nisiowafahamu: zile picha za filamu zilizobanwa katika fremu ndogo ya karatasi au plastiki, sentimita 5 kwa 5, ambazo watu walizitazama ukutani kwa projekta. Hapa Jinja hunifikia kwa njia za kawaida. Nyumba ya zamani inasafishwa, muuza chakavu anakuta boksi, mwalimu mstaafu anahama. Aliyepiga hajulikani, waliopigwa hawajulikani. Kwa hiyo naihitaji skana itakayoniwezesha kuihoji picha yenyewe, maana hakuna mwingine wa kumwuliza. Kwa kipimo hicho, Epson Perfection V600 imenifaa kuliko kifaa chochote nilichowahi kutumia.

Kabla yake nilikuwa na kisanduku kidogo chenye skrini, cha kampuni ambayo sitaitaja. Kina haraka: unasukuma slaidi, unabonyeza, umemaliza. Lakini anga yote inakuwa nyeupe tupu, na uso wa mtu aliyesimama kivulini unabaki doa jeusi. Kwa picha za Uganda hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu jua la saa saba mchana na baraza yenye kivuli ndiyo picha yenyewe.

Nina slaidi moja ya jukwaa la stesheni, fremu yake ina mhuri wa mwaka 1967, enzi za Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Kwenye kisanduku kile ilionekana behewa na mtu mwenye kofia. Nilipoiskani upya kwa V600 nikampelekea mzee mmoja jirani, mstaafu wa reli anayekaa Walukuba. Nilimwambia nadhani huyo ni stesheni masta. Akavaa miwani, akaisogeza simu karibu. "Hapana, mwanangu. Tazama kwapani. Hiyo ni bendera imekunjwa. Huyo ni gadi, anangoja kuitoa treni." Bendera ilikuwa ndani ya kivuli cha koti muda wote. Baada ya hapo akanieleza kazi ya gadi kwa saa nzima, nami nikaandika kila neno.

Sasa mashine yenyewe. Ni skana ya kulaza kama za ofisini, ila kifuniko chake kina taa ya kupenyeza mwanga kwenye filamu. Taa ni ya LED, haihitaji kupashwa moto, na hilo ni jambo jema pale umeme unaporudi na hujui utakaa kwa muda gani. Kishikio kinabeba slaidi 4 kwa mara moja. Boksi zima ni kazi ya siku, si ya jioni moja.

Kwenye kasha wameandika dpi 6400, yaani nukta 6400 kwa kila inchi. Usizifuate. Kwa skana za aina hii namba hiyo huongeza uzito wa faili kuliko inavyoongeza undani. Kwa dpi 3200, picha ya milimita 24 kwa 36 inatoka na pikseli kama milioni 13.7, na faili ya TIFF ya rangi za kawaida ni karibu megabaiti 41. Ukipanda hadi 6400 faili inakuwa kubwa mara nne, diski inajaa, na bendera ya gadi haisomeki vizuri zaidi.

Ipo huduma ya kufuta vumbi iitwayo Digital ICE, inayotumia miale ya infraredi. Kwa slaidi za Ektachrome, filamu ya rangi ya Kodak, na jamaa zake ni msaada mkubwa. Kwa Kodachrome, filamu nyingine ya rangi ya Kodak, izime, na kwa filamu za nyeusi na nyeupe zenye chembe za madini ya fedha izime kabisa, kwani huweza kudhani sehemu za giza ni uchafu na kuharibu alama zilezile unazozitafuta. Mimi natumia kipulizio cha mpira na brashi laini. Slaidi yenye ukungu, yaani kuvu, na kandokando ya ziwa kuvu ni nyingi, usiiguse kwa maji: jelatini, tabaka linalobeba picha, ikiliwa na kuvu huyeyuka na picha ikaondoka nayo.

Ektachrome za zamani nyingi zimegeuka nyekundu. Kitufe cha kurejesha rangi kwenye programu ya Epson kinazisaidia, ingawa huzidisha wakati mwingine. Mimi huhifadhi pia nakala isiyoguswa. Kodachrome zilizokaa gizani bado zina rangi kama za jana. Filamu hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1935, Kodak wakaiacha mwaka 2009.

Watu huniuliza mbona nahangaika na picha za wasio ndugu zangu. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha za enzi za Idi Amin kutoka hifadhi ya negatifu ya UBC, shirika la utangazaji la Uganda. Ni hazina, lakini ni macho ya serikali: mikutano, wageni, saluti. Slaidi ya msafiri aliyepita Main Street ya Jinja kabla ya Wahindi kufukuzwa mwaka 1972 inaonyesha mabango ya maduka, baiskeli zilizoegeshwa, fundi cherehani barazani. Hakuna aliyetumwa kupiga hayo. Ila hakikisha hukuiweka kinyume: kama hakuna maandishi ya kusoma, tazama magari. Yakiwa yanapita upande wa kulia wa barabara, geuza slaidi.

Jambo ninaloliomba kwa kila anayenunua V600: skani fremu pia. Ilaze kifudifudi kama hati ya kawaida, upate mhuri na mwandiko wa kalamu, kisha faili zote mbili uzipe namba moja. Mhuri ni wa mwezi wa kusafishwa, si wa kupigwa, na Kodachrome ilisafiri hadi maabara kama ile ya Kodak ya Hemel Hempstead, Uingereza, kwa hiyo ruhusu miezi kadhaa nyuma.

Bei, pamoja na usafiri na ushuru, inapita shilingi milioni moja. Kama slaidi zako ni chache na unawajua wote waliomo, azima ya mtu. Kama una maboksi ya wasiojulikana, changeni watu watatu mnunue moja, na muongeze UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika.