Sehemu ya kuripoti ya WhatsApp: maoni ya admini wa kundi la mafundi cherehani

Ninasimamia kundi la WhatsApp la mafundi cherehani, wengi wa Dar, wachache wa Morogoro na Tanga. Humo tunapeana mishono, bei za jora Kariakoo, na fundi gani anatengeneza overloki bila kukuumiza mfuko. Kundi kama hili likiingiliwa na wahuni, wenye kazi zao wanaondoka kimyakimya. Ndiyo maana naandika kuhusu sehemu ya kuripoti, kitu ambacho wengi tunakipita tu.

Meseji za WhatsApp zimefungwa kwa usimbaji, kampuni yenyewe haisomi tunachoandikiana. Hakuna mlinzi anayepita kukagua. Mwanachama akimripoti mtu ndipo meseji tano za mwisho alizopokea kutoka kwa mtu huyo zinafika kwa kampuni, na aliyeripotiwa haambiwi. Hilo la kutoambiwa nalirudia kila anapoingia mtu mpya, kwa sababu kinachotufunga mdomo ni muhali. Mtu anaona akisema ataitwa mnoko.

Kwa yanayotokea mbele ya kundi zima, nimeridhika sana. Nimewasha mpangilio unaomwezesha mwanachama kutuma meseji kwa maadmini waikague; unaishikilia ile meseji, unaituma, sisi tunaikuta kwenye taarifa za kundi. Kuna aliyetangaza vitenge vya wax kwa bei ya kutupa, anataka kianzio kwa simu kabla hujaona mzigo. Nilipofungua simu asubuhi, wenzangu walikuwa wameshaituma. Tangu 2022 admini anaweza kufuta meseji ya mwanachama kwa wote, na panabaki maandishi yanayoonyesha ni admini yupi kaifuta. Napenda hivyo. Anayeona nimemwonea anajua wa kumuuliza. Ila piga picha ya skrini kwanza, kisha ndiyo ufute. Picha ile ndiyo iliyotupa namba ya yule tapeli, tukaipeleka 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ya kuripotia utapeli wa simu.

Shida iko inbox. Dada mmoja anayejifunza ushonaji alikuwa akitumiwa picha chafu usiku na mwanakundi mwenzetu, mtu mzima anayeheshimika, na mchana yule baba anamsifia kazi zake mbele yetu. "Nikisema, nani ataniamini?" aliniuliza. Mimi admini nisingeweza kuyaona yale. Anayeweza kuripoti ni aliyetumiwa tu. Nilimwomba asifute chochote, kwa sababu akifuta maongezi ushahidi unaondoka nayo. Tukapiga picha za skrini zinazoonyesha namba na saa, akaripoti, akamzuia. Nikamtoa mtu yule kundini siku hiyohiyo na kuandika wazi kwamba ametolewa kwa kuwasumbua wanachama, bila kumtaja dada. Jioni wakaanza kujitokeza wengine, mmoja baada ya mwingine. Kumbe kila mmoja alidhani yuko peke yake! Iliniuma sana.

Kumtoa mtu kundini hakumzuii kuendelea na tabia hiyo kwingine, kwa hiyo msiishie hapo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa uonevu wa mtandaoni na pia usambazaji wa picha za ngono, na zile picha za skrini ndizo za kwenda nazo polisi. Kama binti anaogopa kwenda peke yake, admini mwende naye.

Naipa nyota nne. Ya tano nitaiongeza siku watakapoweka njia ya mtu kuripoti meseji ya inbox na papo hapo kuwajulisha maadmini wa kundi walimo yeye na msumbufu wake, endapo mwenyewe anataka wajue.