Judo au karate: kijana wa Unguja aanze na ipi?

Zote za Japani, ila asili mbalimbali. Karate ilikulia Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, ikachanganya mapigano ya kienyeji na ya Kichina. Mwalimu wake, Gichin Funakoshi, akaionesha Tokyo mwaka 1922. Nguo nyeupe na mikanda, karate iliviazima kwa judo, aliyoiasisi Jigoro Kano mwaka 1882 kwa kuichuja jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani ya kukamatana na kubwagana.

Karate ni rahisi kuanza: mchanga wa pwani unatosha. Judo inataka mikeka, maana utabwagwa. Somo la kwanza ni kuanguka tu: kidevu kifuani, mkono upige mkeka mgongo unapotua.

Hata hivyo, mimi nasema judo. Ukimkamata mwenzako ukosi naye hataki kwenda, hapana kujidanganya. Tena hapa ina mizizi: Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kuifundisha miaka ya 1990.