Bandeji ya silva kwa kidonda cha moto cha mtoto, uzoefu wangu

Mwanangu wa mwaka na nusu alivuta kikombe cha maji ya moto kikammwagikia mkono, toka kwenye kiwiko mpaka karibu na vidole. Nikamvua nguo fasta nikamweka mkono chini ya bomba dakika 20, analia na mi nalia, barafu wala dawa ya meno sikuweka maana zinaharibu zaidi, nikafunika na nailoni safi ya kufunikia vyakula tukakimbia hospitali.

Siku nne za kwanza tulipewa ile krimu nyeupe ya silva (yaani madini ya fedha, yanazuia vijidudu), kila siku unaosha unapaka unafunga upya. Jamani. Mtoto akiona beseni tu anaanza kutetemeka. Af krimu inaacha utando mweupe juu ya kidonda, nesi mpaka autoe taratibu ndo aone chini kukoje. Nikauliza hakuna njia nyingine? ndo wakatubadilishia hii ya sponji yenye silva ndani, ikishabandikwa inaweza kukaa mpaka siku 7 hamgusi kitu.

Kwa hilo tu naipa nyota zote. Tumebadilisha mara mbili, kila mara nampa parasetamol kwa dozi ya kilo zake kama saa moja kabla, ananung'unika kidogo basi. Usiku analala, na sisi tunalala.

Kasoro sasa. Kwenye kiwiko haishiki, akikunja mkono inanyanyuka pembeni, nikawa nazungushia bandeji ya kawaida halafu juu navalisha soksi niliyoikata mbele, hiyo imesaidia kuliko plasta zote. Na siku ya tatu ikaanza kulowa maji ya kahawia na kaharufu, nikapaniki nikajua kidonda kimeoza, kumbe ni majimaji ya kidonda tu na hakuna aliyeniambia mapema! Nesi akasema cha kuogopa ni homa, vipele mwilini, kutapika, wekundu kusambaa nje ya bandeji au maumivu kuzidi, hapo unamrudisha siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo na kinaonekana kizuri.

Wiki ya tatu haijaisha kikawa kimefunga, ngozi ya pinki hivi. Saivi shida ni kuwashwa, anajikuna balaa, napaka mafuta yasiyo na manukato mara kwa mara na juani anavaa mikono mirefu. Ila soksi yake kagoma kuivua.