Duka la mekapu Biashara Street lisilo na bango, nimerudi mara ya nne

Kwanza jina msiniulize, duka lenyewe halina bango na mwenyewe haonekani kama ana mpango wa kuliandika. Ni pale Biashara Street, Mombasa, katikati ya maduka ya leso, kuna kichochoro kinaingia ndani, ukiona kabati la vioo na nje kuna kiti cha plastiki na kioo kimetundikwa msumarini basi ushafika. Hicho kiti cha nje kishikeni vizuri, ndo sababu ya mimi kuandika haya yote.

Manake mekapu mimi sikuianza jana. Nlikua na miaka saba hivi, mkesha wa Idi, wanawake wote wa nyumbani wanapakana hina mimi nimejificha jikoni na kijaluba cha nyanya yangu natafuna tambuu ili midomo iwe myekundu kama yake. Nilikua sijui kua ule wekundu unatoka kwa popoo ikikutana na chokaa, mimi chokaa nimebugia kama sukari, ulimi ukaniungua, siku ya Idi pilau naitizama tu. Lakini midomo ilikolea wallahi. Tangu hapo sijaacha, wanja, lipstiki, kope za bandia, brashi ninazo za kumwaga, mume wangu husema ile droo ingekua kiwanja tungekua tushajenga.

Kitu kimoja tu ndo kimenishinda miaka yote, faundesheni. Mwaka wa kupamba kwa mdogo wangu nikaingia duka moja kubwa la mjini, taa nyeupe za tyubu kila pembe, msichana akanipaka nyuma ya mkono akasema hii dada yangu itakung'arisha. Kumbe ni rangi mbili juu ya yangu, na ile poda aliyoniuzia juu yake ni ya zile zenye madini ya silika mengi, ukumbini unajiona malkia ila kamera ikipiga flashi mwanga unarudi wote. Picha zikaja! Uso wangu kama nimechovya kwa unga wa ngano, shingo iko kivyake, binamu zangu mpaka leo wananiita mzimu wa harusi.

Alafu Fenty Beauty, mekapu za yule mwimbaji Rihanna, wakatoka 2017 na rangi 40 kwa mpigo, sisi weusi na maji ya kunde sote tukashangilia, na mwezi wa tano 2022 wakaingia Kenya rasmi. Nafurahia, sikatai, ila bei yake ni karo ya mtoto, na zaidi ya hapo rangi zikiwa hata mia zitakufaa nini ikiwa mwenye kukuchagulia amekusimamisha chini ya taa ya tyubu?

Sasa huyu mama mwenye duka la kichochoroni. Nimeingia nimejipaka tayari akanitizama, hakusema kitu, akanipa pamba na maji, ati nitoe kwanza. Nikatoa. Akanikalisha kile kiti cha nje kwenye mwanga wa jua, akanitandazia kitambaa cheupe kifuani, akanichora mistari mitatu kutoka taya mpaka shingoni. Nyuma ya mkono hakugusa kabisa, ati mkono haupigwi picha. Mimi nishanyosha shingo nijione kwenye kioo, akanizuia, "Tulia mwanangu, ikauke kwanza, hii hugeuka." Na kweli, faundesheni nyingi zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi huiva zikawa nyeusi kidogo, dakika kumi baadaye ule mstari niliokua nautaka mimi umekua rangi ya matofali, na ule niliodhani ni mweusi mno umepotea haswa, huwezi jua umeishia wapi. Kumbe ngozi yangu ina umanjano kwa chini, miaka yote nauziwa za uwekundu! Nlikua tayari kutoa elfu mbili na zaidi, akanipa ya mia sita hamsini.

Kingine kilichonipendeza, akaja msichana mdogo kuulizia krimu ya kujichubua, mama akamwambia hapa hamna na hatafutiwi. Zile zenye zebaki na haidrokwinoni KEBS, wale wa viwango vya bidhaa Kenya, walishazipiga marufuku zamani lakini mjini bado zinauzwa chini ya meza, mwajua wenyewe, uso Fanta miguu Coca. Yule msichana kaondoka na poda ya rangi yake, sijui kama alifurahi.

Nimeijaribu hiyo faundesheni siku ya joto kabisa, nimetoka nyumbani saa tatu, tuktuk, feri ya Likoni na ule msongamano, buibui juu, saa saba pua inang'aa kama sufuria lakini mashavu hayajachirizika. Kwenye ukosi imeachia alama kidogo, si ya kulia. Siri aliyonipa ni poda kidogo tu ikandamizwe na sponji yenye unyevu, usisugue.

Maskara pia aliniuliza kwanza, "Wasali?" Hilo swali sijawahi kuulizwa duka lolote! Manake zile za kuzuia maji zinafunika kope, maji ya udhu hayapiti, basi akanipa ya kawaida inayotoka na maji ya uvuguvugu. Rangi ya kucha hata hakunionyesha, akanambia kapake hina.

Lakini sasa lawama yangu, na mwenyewe nimemwambia usoni kwa heshima. Lipstiki za kujaribia. Moja inapita midomo ya watu wote, mbele yangu walijipaka wasichana wawili kwa kipande kimoja, mimi wa tatu nikakataa. Akate ncha na kijiti safi mtu ajaribu na chake, si kazi kubwa. Maskara ya kujaribia ndo kabisa msiiguse, jicho si kitu cha kuazimana. Na mkinunua tizameni kile kichoro cha kikopo kilichofunguka kifuniko, 6M ama 12M, ndo miezi ya kutumia tangu ufungue. Poda moja aliyonipa maandishi yalikua yamefutika kwa kukaa, nikamrudishia akabadilisha bila maneno.

Nampa nne kwa tano, ile moja ameila lipstiki. Nendeni saa tatu mpaka saa tano asubuhi, baadaye jua linahama kichochoro kinakua kivuli na yeye hampimi mtu kwenye kivuli, atawaambia mrudi kesho. Adhuhuri anafunga. M-Pesa anachukua, kadi hapana. Mimi nlikua nataka lipstiki ya rangi ya zambarau iliyokolea, imekwisha, akaandika namba yangu nyuma ya boksi la wanja ati ikija atanipigia. Wiki ya tatu hii, nadhani lile boksi ameshaliuza.