Uchambuzi: TV ya chogo, kanda za zamani, na jioni baada ya kutoka Mwaloni

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani nina TV ya chogo. Chogo kabisa, zile za zamani zenye kisogo kirefu nyuma, Sony Trinitron ya inchi 14, mzigo wa mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza. Nimeichukua kwa elfu arobaini baada ya kuvutana bei, na rimoti haikuja nayo. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Wewe, flati zimejaa mjini, unahangaika na chogo?" Jibu natanguliza: kwa kipindi kilichorekodiwa zamani, sijaona flati ya bei ya chini inayonipa picha ya kupendeza kama hii. Kwa mpira wa leo, hapana, na nitawaambia kwa nini.

Kabla hatujaenda mbali, mnaona ile mistari myeusi inayopanda kwenye skrini? TV si mbovu, hiyo ni kamera ya simu yangu. TV hii inachora picha mstari kwa mstari, juu kwenda chini, mara 50 kwa sekunde, na kamera inaikuta katikati ya kazi. Ngoja nipunguze kasi ya kamera, niiweke 1/50 ya sekunde. Haya. Sasa tunaonana.

Sogea karibu na kioo. Ukikipapasa juu kwenda chini kiko bapa, ukipapasa kushoto kwenda kulia kimepinda kama ubavu wa pipa. Trinitron ndogo ziko hivyo. Halafu angalia hapa chini, kuna kivuli chembamba kama uzi kinachokata picha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wengi wakikiona sokoni wanaikimbia TV, wanadhani kioo kimepata ufa. Huo ni waya, umewekwa na kiwanda. Ndani ya kioo kuna nyuzi nyingi za chuma zilizosimama wima, zinaelekeza kila rangi mahali pake, na huo waya unazishika zisitetemeke. Zile kubwa zina nyaya mbili. Trinitron ya kwanza ilitoka 1968, na mpangilio huo ndio uliowapa jina kwa rangi zilizokolea.

Sasa niwaambie naitumia saa ngapi. Mimi ni karani wa mizigo pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Kazi yangu ni kusimama kwenye mizani, gunia la dagaa linapanda, nasoma kilo, naandika, linashuka, linapanda lingine. Wiki za giza ndizo zenye kazi, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi mingi inapumzika. Katikati ya hayo simu haitulii. Mwenye mzigo anauliza, dereva wa lori anauliza, bosi anataka picha ya daftari. Nikifika nyumbani jioni, nikishapanda zile ngazi za mawe, nataka kitu kimoja tu kinachoonyesha kitu kimoja. Sitaki menyu, sitaki kuulizwa nywila, sitaki kuambiwa programu inasubiri kusasishwa. Hii nabonyeza kitufe, inavuma "guuum", inawaka. Mvumo huo nao una kazi, kuna koili inayoondoa usumaku kwenye zile nyuzi za chuma kila unapowasha, maana sumaku inaharibu rangi. Ndiyo maana sabufa, yenye sumaku ndani, kaa nayo mbali. Nilipoisogeza ya kwangu, kona ya kulia iligeuka zambarau hapo hapo.

Nachoangalia ni kanda za shangazi yangu. Bara tulianza kupata televisheni 1994, ITV wakiwa miongoni mwa wa kwanza, wakati wenzetu Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970. Shangazi aliponunua deki alirekodi kila alichokipenda: michezo ya Kaole Sanaa Group, taarifa ya habari, hata matangazo ya sabuni. Kanda hizo nilizijaribu kwanza kwenye flati. Kanda iliyochoka haitoi mawimbi yaliyotulia, kwa hiyo flati ikifika sehemu mbaya inakata kabisa, skrini ya bluu, inasema hakuna picha. Chogo haikati. Picha inacheza kidogo upande wa juu, chenga mbili tatu zinapita, na mwigizaji anaendelea kuongea. Kwa kanda ambazo hakuna mwenye nakala nyingine, kwangu hilo peke yake linatosha kulipa elfu arobaini.

Kuna na suala la umbo. Vipindi vile vilitengenezwa kwa mfumo wa PAL, mistari 625, inayobeba picha ni 576, na skrini ya nne kwa tatu. Flati pana inabidi iivute picha hiyo ijaze mistari mingi zaidi, kama 1080. Sura zinatanuka, maandishi yanaingia ukungu. Humu hakuna kinachovutwa. Tazama hii kanga, nakaribisha kamera, ona pindo jeusi lilivyotulia dhidi ya njano. Kwenye flati pindo hilo lilikuwa linachezacheza kama linachemka.

Upande wa pili sasa. Mpira sahau. Matokeo yanawekwa kwenye kona ya picha pana, hapa ama yanakatwa ama yanakuwa madogo mno. Inakula umeme zaidi ya flati ya LED ya ukubwa wake. Ni nzito, bodaboda aliyenibebea aliishia chini ya mlima, huku juu tukaibeba wawili. Na antena peke yake haitakupa kitu, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam 31 Desemba 2012 na sisi Mwanza tukafuata 2013. Utahitaji king'amuzi chenye matundu ya AV, nyekundu, nyeupe, njano. Ingia kwenye mipangilio yake, chagua PAL na 4:3. Ukiacha NTSC, mfumo mwingine wa rangi, unaweza kupata picha isiyo na rangi ukaanza kulaumu TV bure.

La usalama naomba mnisikilize. Nilimpelekea fundi aifute vumbi ndani, nikamwambia, "Shikamoo fundi, ningeweza kufungua mwenyewe." Akanijibu, "Marahaba. Mwanangu, huko nyuma usiguse hata ukiwa umechomoa, umeme unabaki kwenye kioo." Ni kweli. TV ya rangi inapeleka maelfu ya volti kwenye kioo, na chaji inaweza kukaa humo baada ya kuzima. Mwachie fundi.

Ukienda kununua, beba kitu chenye AV, hata kideki cha DVD. Iwashe, iache dakika kumi na tano ipate moto, uone kama picha inasinyaa pembeni au rangi moja inapotea. Tafuta sehemu nyeupe kabisa, kama taa au shati, uone ni nyeupe kweli au imeelekea njano, maana kioo kilichochoka hujionyesha hapo. Muuzaji akisema hana umeme wa kujaribia, nenda meza inayofuata.