Jioni ya piramidi kwa mwalimu mstaafu, Kihesa: fundi, nenda na vijana wako

Hapa Iringa, upande wa Kihesa, kuna mwalimu mstaafu wa historia anayefundisha watu wazima nyumbani kwake Jumamosi jioni. Kila jioni ina mada yake. Kiingilio ni shilingi elfu tatu, mwanafunzi elfu moja, na humo kuna chai ya tangawizi na muhogo wa kuchemsha. Mimi nimehudhuria jioni ya piramidi za Misri. Naandika hasa kwa mafundi wenzangu, ila mwenye mtoto wa sekondari naye asome.

Mimi ni mwashi. Kazi yangu kubwa ni misingi ya mawe, na kwa mji huu uliokaa juu ya miamba ya granaiti, mawe ndiyo yamenilea. Kwa hiyo niliingia na maswali ya kifundi, na nilichokipenda kwanza ni kwamba mwalimu haanzi na mfalme wala dhahabu. Anaanza na saiti.

Aliandika ubaoni: piramidi ya mfalme Khufu pale Giza, mawe takriban 2,300,000, wastani wa tani 2.5 kwa jiwe, muda wa kazi miaka 20 na ushee. Akasema, haya, gaweni. Kijana mmoja akatoa simu, akatusomea: mawe 315 kwa siku, na hapo hakuna Jumapili wala sikukuu. Kwa saa kumi za kazi, jiwe moja linatakiwa likae mahali pake kila baada ya dakika mbili. Palepale mafundi tukaanza kubishana: makundi mangapi, njia ngapi za kupandishia, nani anachonga wakati nani anaburuta. Mwalimu alituacha tubishane, na alikuwa anajua anachokifanya, kwa sababu baada ya hapo kila alichosema kilikuwa kinajibu swali ambalo tayari tulikuwa nalo.

Mawe mengi ya ndani yalichimbwa hapohapo Giza, mita mia kadhaa tu kutoka saiti. Ni mawe ya chokaa, laini kiasi cha kuchongwa kwa tindo za shaba, maana chuma hawakuwa nacho cha kutengenezea zana. Yale meupe ya kuvalisha nje yalitoka Tura, ng'ambo ya mto Naili, yakaletwa kwa mashua. Granaiti ya chumba cha mfalme ilitoka Aswan, kusini kabisa, zaidi ya kilomita 800 kwa njia ya mto, na mihimili yake mingine ina uzito wa makumi ya tani.

Hapo kwenye granaiti ndipo nilipokaa vizuri kwenye benchi. Sisi huku jiwe gumu tunaliwashia moto wa kuni, likishapata nyufa ndipo tunalipiga nyundo, na bado linatutoa jasho. Tindo ya shaba kwenye granaiti haifui dafu. Wamisri walitumia mipira ya jiwe la doleriti, gumu kuliko granaiti, wakawa wanapondaponda mwamba hadi unaisha kwa unga. Kukata, walitumia msumeno wa shaba usio na meno pamoja na mchanga, na mchanga ndio unaokata. Mwalimu alituonyesha picha ya mnara wa jiwe moja ambao haukumalizika, ungali umelala kwenye machimbo ya Aswan, wa zaidi ya miaka elfu moja baada ya Khufu: urefu wa mita kama 42, uzito zaidi ya tani 1,000. Ulipata ufa wakauacha. Pembeni mwake alama za kupondaponda zinaonekana safu kwa safu. Nimeitazama picha ile kwa muda mrefu, nikawa najisikia mikono ya wale watu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho peke yake kinatosha kiingilio. Mwalimu ana sinia kubwa la bati, lile la wapishi wa harusi, amelijaza mchanga wa mto Ruaha Mdogo uliokaushwa juani. Juu yake anaweka ubao mnene uliochongwa kingo za mbele zikapinda juu, hauna magurudumu, na juu ya ubao tofali la kuchoma. Anaufunga kamba, kamba anaining'iniza kwenye mizani ya ndoana ya muuza nyama, halafu anavuta taratibu. Mchanga ukiwa mkavu unajikusanya mbele ya ubao, unapanda kilima kidogo, na mshale wa mizani unakwenda mbali. Kisha ananyunyiza maji kwa kikombe, kidogo kidogo, anasawazisha kwa kiganja, anavuta tena. Kile kilima hakitokei. Ubao unateleza na mshale unarudi karibu nusu. Anaongeza maji mengi, mchanga unakuwa tope, ubao unanasa na mshale unapanda upya. Kijana wangu mmoja aliomba avute mwenyewe, na mwalimu akampa kamba bila kusita.

Baada ya hapo ndipo anakuonyesha mchoro wa kaburi la Djehutihotep, mkuu wa jimbo mmoja wa Misri ya kale, wa karibu mwaka 1900 kabla ya Kristo: sanamu kubwa mno imefungwa juu ya ubao wa kuburuta, watu 172 wanavuta, na mmoja amesimama mbele miguuni mwa sanamu anamwaga maji. Kwa miaka mingi wasomi waliyachukulia maji yale kuwa ni tambiko. Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walipima, wakakuta mchanga wenye unyevu wa kutosha unapunguza nguvu ya kuvuta kwa karibu nusu. Kwa mpangilio wake, sinia kwanza na mchoro baadaye, hata mama mmoja aliyekuja na mjukuu tu alisema kwa sauti, "Ala, kumbe!"

Kuhusu kupandisha juu, mwalimu alikuwa mwaminifu. Alisema wataalamu wanakubaliana kwamba rampu zilikuwepo, wanabishania umbo: ya kunyooka, ya kuzunguka, au mchanganyiko. Akataja rampu iliyopatikana mwaka 2018 katika machimbo ya Hatnub, ya zama za Khufu, yenye mwinuko mkali, ngazi pande zote mbili na matundu ya nguzo za mbao. Inaelekea kamba zilizungushwa kwenye nguzo ili wengine wavute kwa kushuka huku jiwe linapanda. Ningependa hapa angekuwa na kielelezo cha mbao, maana maneno matupu hayakutosha na wengi walishindwa kumfuata.

Vipimo vilitutoa kijasho. Kila upande wa chini ni mita 230, na tofauti ya usawa kutoka kona hadi kona ni kama sentimita mbili. Mafundi mnajua kwamba kupata usawa wa aina hiyo hata kwenye nyumba ya vyumba vitatu, kwa mpira wa maji, timazi na uzi, ni kazi. Pande zinaelekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi kwa kosa dogo mno, na inaelekea waliupata mwelekeo huo kwa kuangalia anga.

Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona mtandaoni wanasema ni viumbe wa angani?" Mwalimu hakumcheka. Alimpa historia ya makosa. Kwanza makaburi ya wakubwa yalikuwa ya tofali za udongo, mapana na mafupi. Karibu mwaka 2650 kabla ya Kristo Imhotep akamjengea mfalme Djoser pale Saqqara kaburi la mawe la ngazi sita, moja juu ya jingine, mita 60 na kitu. Kisha akaja Sneferu, baba yake Khufu. Pale Dahshur mafundi wake walianza na mteremko mkali wa nyuzi 54 hivi, jengo likaanza kuleta nyufa, wakabadilisha katikati ya kazi wakashusha hadi nyuzi 43, na mpaka leo piramidi ile imepinda. Iliyofuata wakaijenga kwa nyuzi 43 tangu chini. Ndipo mwana akapata piramidi ya mita 146. Mtu aliyewahi kubomoa ukuta akaanza upya anaielewa piramidi iliyopinda kuliko kitabu chochote. Huo ni mkono wa binadamu anayejifunza kazi.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ya wafanyakazi. Kusini mwa piramidi za Giza mwanaakiolojia Mark Lehner na wenzake wamefukua mji mzima wa wajenzi: viwanda vya mikate, mabweni, mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi waliochinjwa. Mwaka 1990 yakagunduliwa makaburi ya wajenzi wenyewe, yakafukuliwa na timu ya Zahi Hawass. Migongo ya mifupa ile imechakaa kwa mizigo, na iko iliyovunjika ikaungwa vizuri, maana yake kulikuwa na mtu wa kuwatibu. Wamezikwa karibu na piramidi ya mfalme wao na vyungu vya pombe na mikate. Hawakuwa watumwa wa kununuliwa. Walikuwepo mafundi wa kudumu, na walikuwepo vibarua walioletwa kwa zamu kutoka vijijini, wakati mwingine kwa amri. Kwa makadirio ya Lehner jumla ni elfu ishirini hadi ishirini na tano. Vikosi vilikuwa na majina, na majina hayo yapo yameandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mawe: Marafiki wa Khufu, na kwenye piramidi ya mfalme Menkaure, Walevi wa Menkaure.

Halafu akamleta Merer. Mwaka 2013 timu ya Pierre Tallet ilipata mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, Wadi al-Jarf, pwani ya bahari ya Shamu, yaliyo ya zamani kuliko mafunjo yote yenye maandishi yanayojulikana. Humo Merer, msimamizi wa watu kama 40, anaandika siku kwa siku: leo tumepakia mawe Tura, leo tumelala njiani, leo tumefika Giza. Kila siku kumi safari mbili au tatu. Mkubwa wake ametajwa, Ankhhaf, ndugu yake Khufu kwa baba. Ni daftari la saiti, wandugu, kama lile ninaloandika mimi mifuko ya saruji na majina ya saidia fundi.

Nilifanya kazi miaka ya nyuma kwenye saiti moja kubwa, mkandarasi akakata hela ya chakula cha mchana, akaona ameokoa. Watu walianza kulaza mawe vibaya ndani ya wiki hiyo hiyo, na ukuta ulisimuliwa baadaye na nyufa zake. Kwa hiyo mwalimu aliposema kwamba piramidi ilisimama juu ya mikate na ng'ombe kabla ya kusimama juu ya mwamba, mimi nilimwelewa hadi kwenye mfupa. Natamani wakandarasi wote wa mkoa huu wapitie darasa lile.

Mapungufu yapo. La kwanza ni kitini anachogawa. Mdomoni mwalimu anasema si watumwa, kitini kinasema "watumwa laki moja". Laki moja inatoka kwa Herodotus, Mgiriki aliyeandika zaidi ya miaka elfu mbili baada ya Khufu, naye alizungumzia watu wa zamu za miezi mitatu. Mtoto anabeba karatasi ile nyumbani, na ndiyo atakayoikumbuka kwenye mtihani. Mwalimu wangu, shikamoo, nakuomba uifute ile sentensi kabla ya kutoa kopi nyingine.

La pili ni swali la kwa nini. Umeme ulikatika, projekta ikazima, na tulipowasha taa ya sola muda ulikuwa umekwenda, ikabidi "kwa nini" ipitie mbio. Alituambia mfalme akifa, nguvu yake ya uhai, wanayoiita ka, ilihitaji mwili uliohifadhiwa, chakula na nyumba isiyooza. Alitaja maandishi yaliyochongwa ndani ya piramidi ya Unas, karibu mwaka 2350 kabla ya Kristo, yanayomtaka mfalme apande mbinguni kwa jua na kwa nyota za kaskazini ambazo kwao hazizami. Na mashua: mwaka 1954 kando ya piramidi ya Khufu ilifukuliwa mashua ya mwerezi ya mita 43, imevunjwa vipande 1,224 na kupangwa shimoni kwa utaratibu.

Nilitamani akae hapo. Sisi wa Iringa tungemwelewa haraka. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba Ujerumani ilirudishe, na likafika Kalenga mwaka huohuo wa 1954. Mtu aliyewahi kuingia makumbusho ya Kalenga akawaona wazee wakivua kofia haulizi kwa nini watu wangebeba mawe miaka ishirini kwa ajili ya mwili wa mtawala wao. Anauliza mambo ya ndani zaidi: waliamini wao wenyewe wanapata nini mfalme akifika salama? Mavuno? Mto kufurika kwa wakati wake? Hapo pana jioni nzima nyingine, na mimi ningeilipia.

Kwa ujumla nampa nyota nne kati ya tano, na ya tano ataipata akirekebisha kitini. Anayetoka Ipogolo au Mlandege achukue bajaji, maana darasa linaisha giza limeingia. Mwezi wa sita na wa saba beba sweta zito, sebule yake haina dari na baridi ya Kihesa mnaijua. Fika mapema ukae benchi la mbele, kwa sababu ukikaa nyuma sinia la mchanga hulioni, na ukiwa na vijana zaidi ya watano mpe taarifa siku moja kabla ili muhogo utoshe.